Betri Haigandi Otonglo

Taa imewaka kwenye dashibodi ya haibridi yako, nguvu zimepungua, na fundi wa kwanza uliyemkuta barabara ya Busia ameshatoa hukumu: betri imekufa, tafuta nyingine. Usitoe hata shilingi. Mwambie achomeke mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu, afungue ukurasa wa joto la betri.

Prius za kizazi cha pili na cha tatu zina sensa tatu za joto kwenye betri na moja kwenye njia ya hewa. Ukiona mbili zinasema 34 na ya tatu inasema nyuzi 40 chini ya sifuri, shangilia. Hapo nje omena inakaukia juani. Hapa Otonglo, kando ya barabara ya Busia, hapajawahi kuwa na barafu isipokuwa ya samaki. Ukinzani wa sensa hizi hushuka joto likipanda, kwa hiyo waya uliokatika kompyuta huusoma kama baridi kali. Waya zikigusana, kompyuta itadai joto la kupindukia, na betri ya joto hilo ungeinusa kabla hujafika Kisian. Kagua soketi na waya kwanza.

Sensa inayodanganya kidogo ndiyo yenye kazi. Gari lilale usiku kucha, kisha alfajiri, kabla ya kuliendesha, soma zote. Zinapaswa kukaribiana. Iliyojitenga kwa nyuzi kumi ndiyo mwongo wako.

Zikikubaliana alfajiri halafu zote zikapanda mno njiani, ziamini! Betri ya Prius hupozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Tundu hilo watu hulizibia magunia, masweta ya watoto na vumbi la miaka, halafu betri nzima inatupwa. Jambo hili linaniudhi kuliko yote. Safisha feni, uache tundu lipumue.

Sensa ya maji ya injini ni rahisi zaidi. Injini ikipoa, ifungue sensa hiyo, itie kwenye sufuria ya maji, uipime kwa mita. Kwa Toyota nyingi utapata takriban kiloomu 2.5 kwenye nyuzi 20, na 0.3 hivi maji yakifika 80.

Ya betri usiichezee hivyo. Ndani ya kifuniko kile kuna volti zaidi ya 200, na nyaya za rangi ya chungwa zipo kukuonya. Fundi azime gari, avae glavu za umeme mkubwa, achomoe plagi ya usalama, aitie mfukoni, angoje dakika 10, kisha apime kuhakikisha umeme umeisha kwenye nyaya hizo. Glavu za kuoshea vyombo hazihesabiki.

Na anayekuuzia betri bila kukuonyesha joto la kila sensa kwenye skrini, mwombe funguo zako uende kwa mwingine.