Sifa za Mfuko wa Plastiki katika Ziwa Kivu

Miongoni mwa wote wanaolivuka Ziwa Kivu kati ya Bukavu na kisiwa cha Idjwi upande wa Kongo, na kisiwa cha Nkombo upande wa Rwanda, ni msafiri mmoja tu ambaye hadaiwi hati, hapangi foleni wala haulizwi anakwenda kwa nani, naye ni mfuko mwepesi wa plastiki, ule ambao Warwanda huuita ishashi, Wakongo sashe, Waganda kaveera, na ambao Watanzania wenye umri wa kutosha wangali wakiukumbuka kwa jina la rambo. Mfuko huu umesemwa vibaya na mawaziri, na walimu, na wavuvi, na hata na wale walioubeba asubuhi ileile, lakini ni nadra kumpata mtu aliyekaa akahesabu fadhila zake, na hapa zitahesabiwa.

Nasaba yake ni ya heshima. Polithini, yaani plastiki inayopatikana kwa kuziunganisha molekuli za gesi ya ethilini ziwe mnyororo mrefu, ilizaliwa bila kutarajiwa mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, na mfuko wenyewe, wenye vishikio viwili na usio na mshono wa kushonwa, ulibuniwa na mhandisi wa Sweden, Sten Gustaf Thulin, ambaye kampuni yake ya Celloplast iliupatia hataza, yaani hifadhi ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1965. Mwanawe alikuja kueleza kwamba baba yake alikusudia kuiokoa miti iliyokuwa ikikatwa kwa ajili ya mifuko ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akitembea na mfuko mmoja umekunjwa mfukoni ili autumie tena na tena. Mfuko ulikuja duniani ukiwa mwanamazingira, basi, na ikiwa baadaye uliharibika tabia, ni jambo la kawaida kwa kijana anayelelewa na watu wanaomhitaji kwa dakika kumi tu.

Serikali nazo zimeukirimu. Hakuna kapu wala gunia lililowahi kushughulisha mabunge kiasi hiki: Rwanda iliupiga marufuku kwa Sheria Namba 57 ya mwaka 2008, kisha mwaka 2019 ikatunga nyingine, Namba 17, iliyowajumuisha jamaa zake wote wa plastiki wanaotumika mara moja na kutupwa, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Faida ya sheria hizi kwa mfuko ilikuwa ya papo hapo. Kitu ambacho ng'ambo ya Bukavu hutolewa bure juu ya nyanya, kikishavuka daraja na kuingia Rusizi, Rwanda, huwa bidhaa ya magendo, inayofungwa tumboni chini ya kitenge na kuuzwa kwa kunong'onezana. Wataalamu wa uchumi huandika ripoti nene kuhusu kuongeza thamani, maana yake kuifanya mali ghafi iuzwe kwa bei kubwa zaidi ya ilivyotoka shambani. Mfuko uliongezewa thamani kwa saini moja, bila kiwanda na bila mkopo.

Hata hivyo sifa yake kuu ni ya kisiasa. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na nchi iliyoitwa Zaire wakati huo ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha Kifaransa, CEPGL, ili watu na bidhaa zipite mipakani kwa uhuru. Jumuiya hiyo imesinzia mara kadhaa kwa sababu ya vita na ugomvi wa wakubwa, na Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, mipaka ilifungwa, wachuuzi wadogo wa Rusizi na Bukavu wakabaki wakitazamana kila mmoja upande wake. Mfuko haukusitisha safari zake hata siku moja. Uzito wa polithini ni mdogo kidogo kuliko uzito wa maji ya ujazo uleule, kwa hiyo huelea, na mvua inapoteremka kwenye makorongo ya Bukavu hubebwa bila nauli hadi ziwani, kisha upepo huamua kama utalala Kongo au Rwanda. Kama yupo anayeutekeleza mkataba wa mwaka 1976 kwa herufi na kwa roho, ni huyu.

Maji ya Kivu yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Ruzizi, unaoanzia kusini, Bukavu na Rusizi zinapotazamana, na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Hapo mfuko hukutana na kazi za wahandisi: bwawa la Ruzizi I, lililojengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, lililokamilika mwaka 1989 na kukabidhiwa SINELAC, kampuni ya pamoja ya nchi zote tatu. Mifuko na chupa hurundikana mbele ya vichujio, yaani vyuma vinavyozuia takataka zisiingie kwenye mitambo inayozungushwa na maji, na mingine hujaa tope ikazama, hata wapiga mbizi hutumwa kuitoa kwa mikono. Mtambo unaposimamishwa ili usafishwe, giza halibagui raia wa nchi yoyote. Mikutano mingi ya kilele imeshindwa kuzigawia nchi hizi kitu kwa usawa wa namna hiyo.

Nkombo, ambako watu wengi huishi kwa uvuvi, huujua mfuko kwa karibu zaidi. Wavuvi wa samaki waitwao sambaza hutoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa sambamba kwa miti mirefu, wakawasha taa za kuwavuta samaki, na wavu ukipandishwa huleta sambaza pamoja na mgeni huyu ambaye hakualikwa. Ni haki kukumbuka kwamba sambaza wenyewe si wenyeji. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1950, wakazaana, wakawa kitoweo cha ziwa zima. Kivu lilipokea bila kulipa. Mfuko, kwa kuteremka na Ruzizi, ndio unaolipa deni hilo la Tanganyika, tena kwa riba.

Ukiwa ufukweni huwapa wanaosubiri boti jambo la kuzungumza. Mmoja huilaumu Bukavu, mwingine serikali, wa tatu husema kwamba bahasha ya kaki iliyowekwa badala yake haijapata kumfikisha samaki mbichi nyumbani bila kuchanika, na hoja hii ya tatu, kusema kweli, haijajibiwa. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, wakati wa umuganda wa Rwanda, ambayo ni kazi ya pamoja ya kujenga taifa, mfuko huhakikisha kwamba hata asiyejua kushika sepetu anapata cha kuinamia na kuokota. Watoto huuviringisha pamoja na wenzake, wakaufunga kwa kamba, ukawa mpira. Na mafundi wa Bukavu husuka kwa plastiki zilizookotwa vikapu, yaani chombo kilekile ambacho mfuko ulikuja kukiondoa sokoni.

Oktoba 2016 Rwanda ilisifiwa duniani kote kwa kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani, na sifa hizo zilistahili, ingawa haikutajwa kwamba mfuko ulikuwa ukiruka juu ya Kivu bila rubani, bila betri na bila kibali miaka mingi kabla ya hapo. Haufi, vilevile. Jua huukausha ukakatika vipandevipande hadi kuwa plastiki ndogondogo, ambazo wataalamu huzipima kuwa chini ya milimita 5, na kila kipande huendelea na safari kwa jina lake; wazazi wengi wangependa uzao wa namna hiyo.

Chini ya mabwawa mawili ya sasa limepangwa la tatu, Ruzizi III, lenye uwezo wa megawati 206, ambalo nchi tatu zimelijadili kwa miaka mingi, zikibishana kuhusu mikopo, hisa na bei ya umeme. Mfuko haukuombwa maoni. Ukiachiwa njia na mto, utafika huko siku ya kwanza, kabla ya bili ya kwanza kuchapishwa.