Namna ya Kuiba Picha Ukutani Bila Kuigusa

Mwandishi wa hadithi aliyekaukiwa hana haja ya kikombe kingine cha kahawa. Ana haja ya kwenda kuiba. Mbinu za wizi huo ninazitoa hapa kwa moyo mweupe, maana mali yenyewe haipungui ikichukuliwa: picha itabaki msumarini, mwenyewe atakuaga kwa tabasamu, nawe utarudi nyumbani na mzigo.

Usianzie kwenye simu. Humo picha zote zina ukubwa mmoja na zote zinapita, na kidole kinachosukuma hakina muda wa kuchukua kitu. Nenda mahali mtu anapopaka rangi mbele yako. Dar es Salaam, wachoraji wa Tingatinga wako Oysterbay, eneo lile lile ambako Edward Saidi Tingatinga aliuza picha zake tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Nauli ikikosekana, simama stendi utazame migongo ya daladala. Nako kuna wachoraji wenye mkono.

Ukifika Oysterbay utasimuliwa kwamba Tingatinga aliuawa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Waandishi wengi hukimbilia kifo hicho na kuacha kazi. Wewe kiache. Chukua rangi. Mtu yule alipaka rangi za baiskeli juu ya hadibodi, kwa sababu ndivyo vitu vilivyopatikana na kununulika. Tazama kilichotokea: mnyama mmoja, tuseme chui, anajaza ubao mzima, nyuma yake rangi moja tupu, hakuna mlima wala upeo wa macho. Ukisimama mbele yake kwa muda utaanza kujiuliza chui huyo yuko wapi, na anamtazama nani. Swali la namna hiyo ndilo la kutia mfukoni. Chui mwenyewe mwachie mchoraji, ameshamaliza naye.

Sasa kuna wizi wa ngazi ya juu, na kwa huo nakupeleka Lubumbashi, nchini Kongo. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mji ule na miji jirani ya Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba, walikuwa wakiuza aina ya picha iliyojulikana kama Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji. Ni uwanja wa gereza. Mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa, Mbelgiji amesimama akitazama, bendera iko juu. Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, hakuishia kwenye picha moja. Alichora historia nzima ya nchi yake katika picha zaidi ya 100, kisha akakaa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, miaka ya 1973 na 1974, akamweleza picha moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili cha kwao. Mwandishi wa Kiswahili asiyejua habari hiyo anapitwa na urithi wake mwenyewe.

Mbele ya Colonie belge macho yatakwenda mbio kwenye mjeledi, maana ndivyo picha ilivyopangwa. Yaache yaone, kisha yavute pembeni. Katika baadhi ya picha hizo wako wanawake wamesimama ukingoni. Wamebeba nini? Nani amebaki na watoto? Yule askari, jioni akivua sare, anakula kwa nani, na mikono anaosha vipi? Mchoraji ametia watu hao kwa mipigo michache ya brashi, akarudi kwenye shughuli yake. Hao ndio wako. Mtu aliyechorwa kwa haraka ana nafasi kubwa ya kuishi kwenye hadithi.

Kisha geuza shingo kabisa, uache picha, uutazame ukuta. Picha zile zilinunuliwa na watu wa kawaida, wafanyakazi wa migodi na ofisi, wakazitundika sebuleni, miaka zaidi ya kumi baada ya uhuru wa 1960. Mgeni anakaribishwa chakula, na juu ya kichwa chake mtu anachapwa. Baba wa nyumba aliona nini dukani hata akatoa pesa? Mama alikubali? Mtoto aliyekulia chini ya mjeledi ule, akiuona kila asubuhi akinywa chai, alikuja kuwa mtu gani? Kwangu mimi hapo pana riwaya nzima, tena bora kuliko ile iliyomo ndani ya fremu. Kwa hiyo kila uonapo picha nyumbani kwa mtu, iwe ya Bikira Maria, ya Al-Kaaba au ya rais aliyeondoka zamani, uliza kwa adabu nani aliileta na kwa nini haijashushwa.

Mchoraji mmoja wa leo anafaa kuibiwa ufundi. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, anachora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mtuba kinachopondwa na mafundi wa Buganda. Kitambaa hicho kina matundu na mishono, naye huiacha ionekane ndani ya picha. Soma rasimu yako ukiwa na hilo kichwani. Pale ulipotia aya nzima ili kuziba tundu, ifute.

Ukianza kuandika, picha usiitaje. Msomaji asiambiwe kwamba palikuwa na ubao, rangi wala ukuta. Apewe mwanamke aliyefunga chakula kitambaani akashika njia ya gerezani kabla jua halijachomoza.

Deni la mchoraji lipe. Jina lake liandike kwenye ukurasa wa shukrani, na ukiwa na uwezo nunua picha, hata ile ndogo, bila kumbana bei. Hadithi ikitoka, mpelekee nakala, ukae umsomee sehemu ya yule mtu wa pembeni. Huenda akakuambia yule hakuwa mke wa mfungwa, alikuwa dada yake, nawe utalazimika kuandika hadithi ya pili.