Nani Atanilipa Ovataimu?

Kwenye karatasi mimi ni mtu mwenye nafasi. Utaratibu wa elimu ya juu nchini unasema krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa shahada una krediti 120. Piga hesabu: saa 1,200 kwa mwaka, 600 kwa semista, na semista ikiwa ya wiki 15 zinatoka saa 40 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamfikisha mfanyakazi saa 45 kwa wiki kabla hajaanza kudai ovataimu. Kwa hiyo mimi, mwaka wa pili, kemia na biolojia, nimempita karani wa ofisi kwa nafuu ya saa 5. Natamani kumjua aliyepanga hesabu hii. Simtakii mabaya. Nataka tu aje tushinde wote Jumanne.

Jumanne inaanza na meseji ya CR, kiongozi wetu wa darasa, kwenye grupu, saa kumi na moja alfajiri: "Wakuu, kipindi cha saa nne kimerudishwa saa moja. Venyu itajulikana." Itajulikana! Darasa zima linahangaika jengo hadi jengo, na wakati huo ndoo yangu iko chini bombani, mimi nalala ghorofa ya nne. Hesabu ya krediti haina kifungu cha ndoo. Haina kifungu cha foleni ya wali maharage wala cha fotokopi, ambako mashine moja inahudumia kitivo kizima na huwa inakwama zamu yangu ikifika.

Lakini ndoo nimeisamehe. Kinyongo changu chote nimekiweka akiba kwa ajili ya praktiko.

Praktiko ya kemia kwenye ratiba ni saa tatu. Titresheni hiyo tumekuwa nayo tangu sekondari, ungedhani tumeshaachana, kumbe imenifuata hadi chuo. Unajaza bureti ambayo koki yake inavuja. Unasoma chini kabisa ya mkunjo wa kimiminika, jicho likiwa sawasawa na mstari, hadi desimali mbili. Kwenye chupa kuna asidi na matone ya POP, ambayo jina lake kamili hatulitamki ila kwenye mtihani. Unadondosha besi tone kwa tone, unatikisa, unadondosha, unatikisa, hadi itokee rangi ya waridi hafifu, hafifu kiasi cha kuyashuku macho yako mwenyewe. Hapo unamwita teknishani, maana alisema lazima aione kabla hujaandika.

Teknishani yuko meza ya mwisho, anamgombeza mtu aliyevaa kandambili maabara. Unasubiri. Sasa hewani kuna kaboni dayoksaidi, nayo haina subira. Inaingia taratibu kwenye chupa, inaimeza besi yako, na waridi linafifia hadi kuisha. Teknishani anafika, anaitazama chupa isiyo na rangi, ananitazama mimi.

"Mbona bado? Ongeza tone."

Naongeza tone. Kwa kuwa koki inavuja, yanashuka matatu. Waridi linakolea mpaka shingoni mwa chupa.

"Umepitiliza. Rudia."

Meza ya jirani wamemaliza zamani. Majibu yao matatu yanafanana mpaka desimali ya pili, na bureti yao, naapa, haijalowa. Wenyewe wanaita kupika. Mimi natoka saa moja kasoro jioni, kisha naanza ripoti: lengo, nadharia, mbinu, matokeo, na mwisho vyanzo vya makosa. Hapo pa vyanzo vya makosa kila mara natamani kuandika "njaa", lakini msahihishaji anataka paralaksi, basi nampa paralaksi.

Biolojia nayo imeniletea Hans Krebs. Huyu bwana mwaka 1937 aliandika habari za mzunguko wake, akaupeleka kwenye jarida la Nature. Wakamjibu kwamba barua walizonazo zinatosha kujaza kurasa kwa wiki saba au nane. Mhariri yule alikuwa mtu wa watu. Tatizo hakuwatonya wenzake, maana Krebs aliupeleka kwa Enzymologia, wakauchapa, na mwaka 1953 akapewa Nobel, nami nikapewa testi. Unaanza na oksaloasetati, inageuka sitrati, unavuka hatua nane, kila moja na kimeng'enya chake chenye jina la kujaza mstari mzima, na mwisho wa safari unakabidhiwa oksaloasetati. Ileile.

Rumeti wangu anasoma historia. Usiku mmoja pale kimbwetani alinitazama nikichora mzunguko huo mara ya sijui ngapi, akauliza bila kejeli yoyote, "Kwani majibu si yalishapatikana tangu 1937? Sasa wanakuuliza nini tena?" Nimelitafuta jibu kwenye madesa yote, halimo.

Na testi zenyewe huja kwa msafara. Kemia ogania Jumatano, jenetiki Alhamisi, fizikia ya nyongeza Ijumaa asubuhi. Wahadhiri hawa wanakunywa chai chumba kimoja, nimewaona, wanacheka pamoja, ila tarehe hawaulizani. Kila mmoja akiingia darasani anasema, "Kozi hii ndiyo msingi, ipeni muda." Mwaka wa pili sasa najenga msingi, ukuta sijauona.

Nyumbani lakini mimi ni mtaalamu. Mjomba wangu wa Songea alinipigia simu katikati ya wiki ya testi. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba. Kuku wanasinzia, shingo zimepinda, wanaharisha kijani. Niwape dawa gani?" Nikamwambia mimi si daktari wa mifugo, nasoma kemia na biolojia. "Si ndiyo hiyohiyo," akasema. Nikamweleza kwamba hicho kitakuwa kideri, hakina dawa, kina chanjo tu, amwite bwana mifugo awahi waliosalia.

Juzi, UE, yaani mitihani ya mwisho wa semista, imebakiza siku chache, akapiga tena. Bwana mifugo alikuja, waliosalia wamechanjwa, na sifa zote kijijini nimepewa mimi. Sasa shida ni king'amuzi, kinaandika hakuna mawimbi. Nikamwambia atoke nje aangalie dishi, huenda upepo umelilaza upande. Akatoka, nikasikia kuku, nikasikia ngazi ikiburutwa, kisha kelele za mpira zikajaa kwenye simu.

"Mjomba," akasema kwa heshima kubwa, "na haya mnafundishwa mwaka wa ngapi?"