Zimwi Halina Shida, Riwaya Ndiyo Ngumu

Mwandishi Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya ya Nagona mwaka 1990, akaifuatishia Mzingile mwaka 1991. Wasomaji wakagawanyika: wahakiki wakaziona kilele cha uandishi wake, wengine wakamdai Rosa Mistika yao ya 1971, yenye mwanzo, mwisho na msiba unaoeleweka.

Hapa Bariadi nawashangaa hawa wa pili. Wamelelewa na hadithi ya Shing'weng'we, zimwi la Kisukuma lililomeza watu wa nchi nzima pamoja na ng'ombe, mpaka kijana Masala Kulangwa alipolipasua tumbo wakatoka wazima. Nani aliwahi kuuliza mle ndani walipumuaje? Ila Mzingile ikichanganya ndoto kidogo, eti haieleweki! Basi asimulie bibi, na atakayeuliza swali anyimwe michembe.