Ujanja wa Kustaafu Vizuri Ukiwa Mwanaanthropolojia wa Eastlands

Profesa, umealikwa kusimulia maisha yako ya utafiti Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Unataka makofi, na si aibu kuyataka. Aliyemaliza ujana wake akiandika habari za wengine ana haki ya kusikilizwa jioni moja. Sogea karibu nikupe njia za mkato.

Kwanza, ruka nadharia.

Ile uliyoipigania miaka ya sabini ilikuwa na wapinzani, na wapinzani wenyewe wameshastaafu. Anayefungua vitabu vya kizazi chako leo anatafuta mambo ya mlangoni: nani alilipa kodi, nani alilala jikoni, pesa za nyumbani zilitumwa na nani. Mwanaanthropolojia Thomas Weisner alipofanya utafiti Kariobangi, aliwafuata Waluhya wa mtaa ule hadi kwa jamaa zao Kisa, upande wa Kakamega, kwa sababu familia moja ilikuwa na makao mawili, chumba cha Nairobi na boma la mashambani. Mwenzake Nici Nelson alikaa na wanawake wa Mathare wapika buzaa, pombe ya kienyeji, akaandika jinsi walivyosaidiana katika biashara iliyokatazwa na sheria. Kazi hizo bado zina uhai. Basi chagua ukurasa mmoja wa daftari lako na uusome kama ulivyo, na bei za unga humo humo. Umeokoa wiki mbili za kuandaa hotuba.

Pili, shindwa mapema, tena kwa fahari.

David Parkin alifanya utafiti kati ya Waluo wa Kaloleni mwaka 1968 na 1969. Kaloleni si kijiji cha chini ya mti: ni mtaa wa serikali uliojengwa miaka ya 1940 na mateka Waitaliano, wenye ukumbi ambao siasa za uhuru zilipita ndani yake. Tarehe 5 Julai 1969 waziri Tom Mboya, Mluo mwenyewe, aliuawa katikati ya jiji, na siasa za Waluo wa Nairobi hazikurudi zilivyokuwa. Kitabu cha Parkin kilitoka 1978. Hakuna mtaa wa Eastlands uliowahi kumngojea mwandishi amalize. Kwa hiyo sema wazi palipokushinda: ulifika na maswali ya ukoo na mahari, watu wakataka kuzungumzia kodi na kura. Ukilisema wewe, hakuna kijana atakayesimama nyuma ya ukumbi akusemee.

Tatu, mwibie sifa mtu mmoja tu: wewe mwenyewe.

Msaidizi wako wa utafiti alikuwa kijana aliyezaliwa mtaani humo. Alijua mlango wa kubisha na mlango wa kuacha. Alikuambia mwenye ploti anadanganya idadi ya wapangaji. Alitafsiri mchana, na usiku akabaki kuwaeleza majirani kwamba wewe si mtu wa halmashauri anayehesabu vyumba. Katika kitabu alipata mstari mmoja wa shukrani, pengine jina la kwanza pekee. Mtafute. Akikubali, jina lake litoke kwenye jalada la toleo jipya, na mrabaha mgawane. Akiwa ameaga dunia, zungumza na wanawe. Najua unachohofia: sifa yako itapungua. Haitapungua hata kidogo. Watu watakusifu mara mbili, kwa kitabu na kwa uungwana, na hii ndiyo njia rahisi kuliko zote ninazokupa. Ni deni pia, na limechelewa sana.

Nne, usichome madaftari.

Utashawishika. Bronisław Malinowski, aliyemfundisha Jomo Kenyatta mjini London na kuandika utangulizi wa kitabu chake cha 1938, alifariki mwaka 1942. Shajara yake ya utafiti ikachapishwa 1967, na dunia nzima ikasoma alivyowatukana wenyeji aliowaandika kwa heshima vitabuni. Yapitie kwanza madaftari yako ujisomee. Pale ulipomdharau mama aliyekukaribisha chai, andika pembeni kwa kalamu ya leo unavyoona sasa, utie tarehe. Huo ni ujanja halali.

Tano, toa nakala za madaftari na picha, uzirudishe mtaani.

Hapa ndipo ninapokusihi. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wakazi wakahamishiwa Shauri Moyo. Mtaa uliokuja kujengwa Pangani baadaye nao umebomolewa, maghorofa yakapanda. Kila mtaa wa zamani wa Eastlands unaijua hofu hiyo. Akina bibi wa Pumwani waliomsimulia mwanahistoria Luise White jinsi walivyojenga nyumba kwa pesa zao hawapo tena. Picha uliyompiga mtoto mbele ya mlango wake mwaka 1973 huenda ndiyo pekee iliyobaki ya mlango huo. Kuifungia ndani ya sanduku Oxford au Los Angeles ni kumnyima mwenyewe utoto wake. Lakini ficha majina ya wapika pombe na ya waliokuambia siri za ndoa; wajukuu wao wangali wanaishi jirani.

Hotuba yenyewe itolee Kaloleni, si hotelini. Lipia chai na mandazi vya kutosha, maana watakuja wengi kuliko kadi ulizotuma. Utaulizwa swali alilolishikilia Okot p'Bitek, aliyesomea taaluma hii Oxford kisha akafundisha Nairobi: elimu yako ilimtumikia nani? Usijibu haraka. Msaidizi wako azungumze kwanza, kisha wazee wa mtaa, kisha wewe. Akitokea shosho akasema nyumba iliyo pichani si ya akina fulani, ni ya kwao, mpe kalamu aandike nyuma ya picha.