Ndugu Mteja

Bomba kuu lilipasuka Jumanne alfajiri. Ujumbe wa simu ukaingia Alhamisi jioni: "Ndugu mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza." Utakaojitokeza! Sisi wa Kimara tulikwishaanza kuoga kwa kikombe.

Na wala si kwamba maji hayapo. Yapo tele, yanakatiza barabarani. Vijana wa bodaboda wamejipanga pale kuosha pikipiki, bata wa jirani wanaogelea, na mtoto mmoja kaigeuza kandambili kuwa mashua. Ndani ya nyumba, ukifungua koki inakoroma kama mzee aliyeshiba ubwabwa.

Haki ya Mungu, mabomba nayo tuyaonee huruma. Mtambo wa Ruvu Juu, unaotusukumia maji, ulijengwa 1959, hata Uhuru haujaja. Mtumishi wa umri huo angekuwa kwake zamani, anakula pensheni na kulalamikia magoti.

Muuza madumu, aliyekuwa akinibembeleza wiki nzima, sasa hanioni. "Panga foleni, mzee wangu." Bei hataji mpaka dumu liwe limeshashushwa mlangoni.

Jumamosi maji yakarudi, rangi ya chai ya maziwa. Lakini kwanza ilitangulia hewa, ikipiga mluzi, na mita, mchapakazi pekee wa mtaa wetu, ikazunguka mbio. Fundi akanieleza kwamba hata hewa huisukuma. Kumbe nimenunua upepo.

Bili haikusubiri siku tatu. Ilifika asubuhi na mapema: "Ndugu mteja…"