Kabla Hujajaza Flashi

Ndugu mtazamaji, kabla hujaondoka na flashi yako kwa muuza sizoni, muulize: mzigo huu ni wa Mwingereza au wa Mmarekani? Usipouliza, yatakukuta.

Ukipewa wa Mwingereza, usiufungue Ijumaa ukidhani utakufikisha Jumapili. Fawlty Towers, ile ya mwenye hoteli anayegombana na wageni wake, ina sehemu 12 tu. Sita zilitoka 1975, watu wakangoja hadi 1979 ndipo wakapewa sita nyingine, basi. Waliiandika wawili, John Cleese na Connie Booth. Watu wawili wakiishiwa la kusema, hunyamaza. Mmarekani akiishiwa huongeza waandishi. Anao chumba kizima, na kazi yao kubwa ni kuhakikisha hadithi haiishi.

Hatari zaidi ni The Office, maana zipo mbili, na ukizichanganya utadhani una homa. Ya Uingereza ilianza 2001, kwenye ofisi ya karatasi mjini Slough. Bosi, David Brent, anajiona mchekeshaji. Anacheza dansi mbele ya wafanyakazi wake, mikono huku, miguu kule, na hacheki mtu. Kamera haimsitiri. Hakuna muziki wa kukupa ahueni. Baadaye anawasihi wakubwa wasimwachishe kazi, nawe unatazama pembeni kana kwamba ni mjomba wako anayeaibika harusini. Sehemu 12, nyongeza ya Krismasi 2003, imekwisha.

Ya Marekani ilianza 2005, kwa bosi mwingine wa aina ileile, Michael Scott. Kufika msimu wa pili wakaanza kumlainisha, maana bosi wa kuishi naye miaka lazima apendeke. Wakampa hadi mchumba. Mwaka 2011 steringi akaondoka. Ofisi ikaendelea kuuza karatasi hadi 2013. Misimu 9, sehemu 201. Mimi nilizimaliza zote, kwa hiyo sina uso wa kumcheka mtu.

Usimlaumu Mmarekani. BBC ya Mwingereza huendeshwa kwa ada ya mwenye televisheni. Mmarekani anaishi kwa matangazo. Nusu saa yake ina kama dakika 22 za hadithi, na kabla ya kila tangazo lazima mtu afungue mlango na kushtuka, usije ukahamia chaneli nyingine.

Onyo jingine: kwa Mwingereza, usiape kwamba steringi hafi. Blackadder ilichekesha misimu minne, kisha mwaka 1989 ikawatoa watu wake kwenye handaki la vita kwenda kukabili bunduki, na hadithi ikaishia hapo. Hakuna msimu wa tano.

Na muuza sizoni akikuambia Waingereza wote ni wafupi, usimwamini. Tamthilia yao ya EastEnders ilianza 1985 na bado inaendelea. Hiyo usiombe uwekewe yote. Flashi yako haitoshi.